R Inasema 512, Octave Inasema 64: Kutafuta Hitilafu Pale Programu za Hisabati Zinapopelekeana Data

Anayefanya kazi ya takwimu au hisabati hapa Dodoma ni nadra kumaliza kazi yake ndani ya programu moja. Data za kata zinaingizwa kwenye Excel, zinasafishwa kwenye R, matriksi inahamia Octave au Python, na mwenye tasnifu ya aljebra anapeleka sehemu ya kazi kwenye GAP au Maxima. Kila moja ya programu hizo ni nzuri kwa kazi yake. Matatizo huzuka mpakani, pale thamani inapotoka kwenye programu moja, ikaandikwa kwenye faili au kutumwa mtandaoni, na programu ya pili ikaisoma kwa kanuni zake yenyewe.

Kinachonisukuma kuandika mwongozo huu ni kwamba makosa haya mengi ni ya kimya. Hakuna maandishi mekundu kwenye skrini. Jibu linatoka, linaingia kwenye ripoti, na wilaya inapangiwa bajeti kwa namba ambayo haikuwa kwenye dodoso.

Kabla ya kumtafuta mshukiwa

Usifungue faili lenye utata kwa Excel eti uangalie tu. Excel ikifungua CSV (faili la maandishi ambamo thamani zimetenganishwa kwa koma) huwa imeshaitafsiri: sifuri za mwanzo zimeondoka, sehemu zimegeuka tarehe, tarakimu za mwisho zimekatwa. Ukihifadhi tu, ushahidi umekwisha. Tumia Notepad au programu nyingine ya maandishi matupu, uone kilichoandikwa hasa.

Halafu uliza: thamani imeharibika ilipoandikwa au iliposomwa? Faili ndilo shahidi. Namba ikiwa sahihi ndani ya faili, tatizo liko kwa msomaji. Ikiwa tayari ina kasoro humo, rudi kwa mwandikaji, wala usipoteze muda kurekebisha upande wa pili.

Mimi hupendelea kutuma kwanza faili dogo la majaribio lililojazwa thamani korofi kwa makusudi:

```
kata,kipimo,kiasi,namba
Chang'ombe,0.30000000000000004,100000,9007199254740993
Ng'hong'onha,-5,,0071
Ng'hambi,1/3,61741120,12
```

Lipeleke programu ya pili, lihifadhi, lirudishe ya kwanza, kisha linganisha herufi kwa herufi. Kila kilichobadilika ni onyo kuhusu kitakachobadilika kwenye data halisi.

Mistari imepungua, na R haijalalamika

Ujumbe wa namna hii ni wa kawaida kutoka kwa wanafunzi wa mkoa huu: "Mwalimu, shikamoo. Faili lina kata zote lakini nikilisoma zinapungua." Swali langu la kwanza huwa: umetumia `read.table` au `read.csv`?

Chanzo ni ritifaa. `read.table` ya R, usipoiambia vinginevyo, huichukulia alama ya `'` kuwa mwanzo wa maneno yaliyofungiwa. Ukiwa umetaja kitenganishi, kwa mfano koma, inakuta ritifaa katikati ya Chang'ombe, inaanza kumeza kila kitu, koma na mwisho wa mstari pamoja, mpaka ikutane na ritifaa nyingine. Ikiwa inayofuata ni ya Ng'hambi ya Mpwapwa, kata zote zilizo kati zimeingia kwenye kisanduku kimoja. Idadi ya safu wima bado inalingana, kwa sababu mstari wa kwanza umechangia safu za mwanzo na wa mwisho umechangia zilizobaki. Ndiyo maana hakuna kosa linalotangazwa. Onyo la `EOF within quoted string` huja pale tu ritifaa ya mwisho inapokosa mwenzake hadi mwisho wa faili.

Ng'hong'onha ina ritifaa mbili, kwa hiyo inajifunga yenyewe na mstari haupotei. Ila jina linatoka likiwa Nghongonha, na ukijaribu kuliunganisha na jedwali lingine kwa jina la kata, halikutani na mwenzake. Hapo utatafuta kosa kwenye hatua ya kuunganisha ilhali lilianzia kwenye kusoma.

Dawa: tumia `read.csv`, ambayo hutambua alama ya `"` peke yake, au ongeza `quote="\""` kwenye `read.table`. Ongeza na `comment.char=""`, kwa kuwa `read.table` huona alama ya # kuwa mwanzo wa maelezo. Mwenye orodha ya viwanja iliyoandikwa "Kitalu C #14" atakuta mstari umekatwa hapo hapo.

Sikubaliani na wanaoshauri kuondoa ritifaa kwenye majina ili kompyuta isisumbuke. Majina ya mahali yana tahajia yake. Kazi yetu ni kuiambia programu isome vizuri, siyo kulibadili jina la kata ya watu.

Herufi za ajabu, au namba hasi inayokataa kuwa namba

Ukiona `Changâ€™ombe`, faili liliandikwa kwa UTF-8 likasomwa kwa Windows-1252, namna mbili tofauti za kugeuza herufi kuwa baiti. Word hupenda kugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na hiyo iliyopinda katika UTF-8 ni baiti tatu: E2 80 99. Msomaji asiyejua UTF-8 anaziona kama herufi tatu tofauti. Taja usimbaji waziwazi unaposoma, kwa mfano `fileEncoding="UTF-8"` kwenye R. Na ikiwa jina la safu ya kwanza limeota alama ngeni mbele yake, hizo ni baiti EF BB BF ambazo Excel huweka mwanzoni inapohifadhi kwa "CSV UTF-8". Kwenye R tumia `UTF-8-BOM`. Kwenye Python, `utf-8-sig`.

Ndugu wa tatizo hilo ni alama ya hasi. Namba iliyonakiliwa kutoka kwenye PDF au makala iliyopangwa vizuri mara nyingi hubeba alama ya kutoa ya kichapishaji, yenye msimbo U+2212, badala ya kistari cha kibodi, U+002D. Kwa macho zinafanana kabisa. R itakupa NA ikisema `NAs introduced by coercion`, na safu nzima inaweza kugeuka maandishi kwa sababu ya kisanduku kimoja. Tafuta na ubadilishe alama hiyo kabla ya kusoma. Nafasi isiyokatika, U+00A0, hufanya ukorofi uleule, hasa kwenye majedwali yaliyotolewa kwenye tovuti.

Tarakimu za mwisho zimegeuka sifuri, au zimesogea kwa moja

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Zinazobaki huwa sifuri. Watu wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa mahali pamoja wanaweza kuwa na kitambulisho kimoja ndani ya faili lako, na hakuna njia ya kurudisha kilichopotea isipokuwa kurudi kwenye chanzo.

Sababu ni ya ndani zaidi ya Excel. Programu nyingi hubeba namba kwa muundo wa biti 64 wa IEEE 754, kiwango cha kuhifadhi namba kwenye kompyuta, na muundo huo unahesabu namba kamili bila kuruka hata moja hadi 2⁵³ tu, yaani 9007199254740992. Inayofuata, inayoishia na 3, haina nafasi yake. Inasomwa kama inayoishia na 2. JSON, muundo wa maandishi wa kupelekeana data, yenyewe haijaweka kikomo cha urefu wa namba, lakini RFC 8259 ya mwaka 2017, hati ya kiwango chake, inaonya kwamba nje ya masafa hayo wasomaji wanaweza kutofautiana. Ndivyo ilivyo: Python inasoma namba nzima bila kupoteza kitu, JavaScript inaizungusha kimya.

Kwa vitambulisho na namba za simu, jibu ni rahisi: hizo si namba za kuhesabia. Hakuna anayejumlisha namba za simu. Ziandike kama maandishi, na unaposoma CSV itaje safu hiyo kuwa ya maandishi kabla programu haijajikisia. Hapo hata sifuri ya mwanzo itabaki.

Kwa namba kubwa za hisabati halisi, kama faktoriali au oda ya kikundi kutoka GAP, tumia muundo unaojua namba kamili zisizo na kikomo. Katika OpenMath, muundo wa kupelekeana fomula na namba kati ya programu, kipengele cha `OMI` hubeba namba kamili ya urefu wowote. Ukilazimika kutumia JSON, iandike ndani ya alama za nukuu na mkubaliane na mpokeaji.

Kinyume cha tatizo hili pia kipo. R ikiwa na shilingi laki moja huiandika kwenye CSV kama `1e+05`, kwa kuwa ni fupi kuliko 100000. Msomaji anayetarajia namba kamili, kama `int()` ya Python, ataikataa. Weka `options(scipen=999)` kabla ya kuandika.

Na koma za maelfu: idadi ya watu ya sensa ya 2022, ikiandikwa 61,741,120 bila nukuu ndani ya CSV, inasomwa kama safu tatu, 61, 741 na 120. Ondoa koma kwenye data. Zirudi kwenye ripoti ya kuchapishwa tu.

Desimali zimetofautiana kidogo sana

Hapa wengi huogopa pasipo sababu, na wengine hutulia palipo na sababu. Tofauti kwenye tarakimu ya 16 kwa wastani wa mavuno ya mtama haina madhara. Lakini usiishie hapo.

Namba ya biti 64 inahitaji tarakimu 17 ili iandikwe kwa desimali na kusomwa tena ikiwa ileile. `write.csv` ya R huandika 15. Kwa hiyo 0.1 + 0.2, ambayo ndani ya kompyuta ni 0.30000000000000004, inaandikwa 0.3, na 0.3 ni namba nyingine. `csvwrite` ya MATLAB huandika tarakimu tano tu. Aliyenakili kutoka kwenye skrini ya R amechukua saba.

Inategemea unafanya nini baadaye. Ukiwa na mfumo wa milinganyo ulio karibu na kushindikana, kosa dogo la kuandika linakuzwa. Matriksi ya Hilbert ya 10 kwa 10, mfano maarufu vitabuni, inaweza kukuza kosa la pembejeo mara trilioni 16 hivi. Ukipoteza usahihi kwenye tarakimu ya 15 au ya 16, jibu linabaki na tarakimu mbili au moja za kuaminika. Ukiwa umenakili tarakimu saba kutoka kwenye skrini, jibu halina maana yoyote, ingawa litachapishwa na desimali zake zote za kupendeza.

Andika kwa `%.17g`, yaani kwa tarakimu 17, au ukwepe desimali kabisa. OpenMath inaruhusu `OMF` yenye sifa ya `hex`, ambapo 0.1 inaandikwa `3FB999999999999A`, biti zilezile bila kuzungusha chochote. Ukituma baiti ghafi badala ya maandishi, kagua mpangilio: namba hiyohiyo kwenye kompyuta nyingi za leo hukaa kumbukumbuni kinyume, ikianza na 9A na kuishia na 3F. Dalili ya mpangilio uliopinduliwa ni namba za ajabu kupita kiasi, nyingine zikiwa ndogo mno hata zinaonekana kama sifuri.

Sehemu zinastahili uangalifu wa peke yake. Maxima ikiwa na 1/3 inaishika kama theluthi kamili. Ikipita kwenye R inakuwa 0.3333333. Ikiandikwa kwenye kisanduku cha Excel inakuwa tarehe, 1 Machi au 3 Januari kulingana na mipangilio. Kama usahihi kamili unahitajika, tuma kiasi na asili kwenye safu mbili tofauti, au tumia alama ya `rational` iliyo kwenye kamusi ya `nums1` ya OpenMath.

Wastani wa mvua umeshuka bila maelezo

Hili naliona kubwa kuliko yote kwa mkoa wetu, kwa sababu hali ya hewa yenyewe inalificha.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi, na sifuri kwenye daftari la kituo ni sifuri ya kweli. Sasa chukua mwezi ambao kipimo hakikusomwa: kifaa kilivunjika, au mpimaji alikuwa msibani. Kwenye karatasi pameachwa wazi. Kwenye CSV pameachwa wazi pia, koma mbili zikifuatana. Octave ikisoma kwa `dlmread` au `csvread`, pengo hilo hujazwa sifuri. Likiwa la Januari, umeutangaza mwezi wa ukame ambao haukuwepo. Likiwa la Agosti, hutalijua kamwe, maana sifuri yake inafanana na za majirani zake wote.

Mafaili mengine ya hali ya hewa huweka -99.9 au -999 pale pasipo na kipimo. Hiyo afadhali, kwa kuwa wastani ukienda hasi unashtuka. Lakini kwenye jumla ya miaka mingi, -99.9 chache zinaweza kupunguza milimita za kutosha kupotosha na zisitoshe kukushtua.

Kwenye Octave ongeza `"emptyvalue", NaN` unaposoma (NaN ni alama ya "si namba"). Kwenye R taja `na.strings=c("", "NA", "-99.9")`. Kabla ya hesabu yoyote, hesabu mapengo pande zote mbili: idadi ya visanduku visivyo na kipimo kabla ya kutuma iwe sawa na baada ya kupokea. Ukaguzi huu ni wa dakika moja, na kwangu ni wa lazima kwa data za mvua, za zahanati na za mavuno.

Kwa JSON kuna mtego wake. Kiwango chake hakina NaN wala Infinity, lakini moduli ya `json` ya Python huziandika hata hivyo, na msomaji mkali, kama `JSON.parse` ya JavaScript, huikataa hati yote kwa neno hilo moja. Weka `allow_nan=False` ili Python ikusimamishe mapema, na pengo uliandike `null`.

Matriksi imefika ikiwa imechanganyika

R, Octave, MATLAB, Julia na Fortran hupanga matriksi kumbukumbuni safu wima baada ya safu wima. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, kwa kawaida yake hupanga safu mlalo baada ya safu mlalo. Ukituma orodha tupu 1 2 3 4 5 6 ukikusudia safu mlalo mbili, 1 2 3 juu na 4 5 6 chini, R ikiipokea kwa `matrix(x, nrow=2)` itakupa 1 3 5 juu na 2 4 6 chini. Jumla ya namba zote haijabadilika, kwa hiyo ukaguzi wa jumla hauoni kitu. Kagua jumla ya kila safu mlalo. Dawa ni `byrow=TRUE` kwenye R au `order="F"` kwenye NumPy.

Usijaribu njia yako ya kutuma kwa matriksi ya umbali kati ya miji au ya uhusiano wa vigezo. Hizo zina ulinganifu: umbali wa Kondoa hadi Mpwapwa ni ule wa Mpwapwa hadi Kondoa, hivyo mpangilio ukipinduka hutaona. Jaribu kwa matriksi ya 2 kwa 3.

Nusu ya juu ikiwa sifuri tupu, angalia kama faili ni la Matrix Market, muundo wa maandishi wa kuhifadhi matriksi. Kichwa chake kikiwa na neno `symmetric`, faili limehifadhi pembetatu ya chini tu na msomaji ndiye anayepaswa kujaza ya juu. Faharasa zake huanzia 1. Aliyeandika msomaji wake mwenyewe kwa Python na kusahau kupunguza moja atasogeza kila kitu.

Fomula ileile, majibu tofauti

Andika `2^3^2`. R na Maxima zinasema 512, kwa kuwa zinaanza na kipeo cha kulia. Octave na Excel zinasema 64, kwa kuwa zinaanzia kushoto. GAP inakataa kabisa mpaka uweke mabano, na kwa maoni yangu GAP ndiyo yenye adabu zaidi. Andika `-2^2`: Excel inasema 4, R inasema -4. Kwenye Python alama ya `^` siyo kipeo hata kidogo. `2^3` inatoa 1, kwa sababu ni operesheni ya biti.

Logi nayo ina mgogoro wake. Kwa aliyesoma sekondari na kitabu cha majedwali ya tarakimu nne, log ni ya kizio 10, na Excel inamuunga mkono: `LOG(100)` ni 2. R inasema `log(100)` ni 4.60517, kwa kuwa log yake ni ya kizio e. Modeli iliyokadiriwa kwa moja na kutumika kwa nyingine hukosea kipengele chake cha logi kwa mara 2.302585, na uwiano huo ukiuona popote kwenye matokeo yako, simama hapo.

Mzizi wa haya yote ni kutuma hisabati kama mfuatano wa herufi. Mfuatano huo hauna maana mpaka msomaji aweke kanuni zake. OpenMath ilibuniwa kuondoa kasoro hiyo: fomula hutumwa kama mti, na kila alama inataja kamusi ambamo maana yake imeandikwa.

```
<OMOBJ xmlns="http://www.openmath.org/OpenMath">
  <OMA>
    <OMS cd="arith1" name="power"/>
    <OMI>2</OMI>
    <OMA>
      <OMS cd="arith1" name="power"/>
      <OMI>3</OMI>
      <OMI>2</OMI>
    </OMA>
  </OMA>
</OMOBJ>
```

Huu ni 512 kwa kila atakayeusoma. Hakuna kubahatisha nani aanze.

OpenMath imefika, lakini mpokeaji anaikataa

Soma kosa lenyewe, maana lina taarifa. `unsupported_CD` maana yake mpokeaji haijui kamusi uliyotaja. `unhandled_symbol` maana yake kamusi anaijua, ila alama hiyo hajaitengenezea kazi. Kwa la kwanza, angalia tahajia ya jina la kamusi kwanza. Herufi kubwa na ndogo zina uzito. Kwa la pili, iandike fomula kwa alama anazozijua.

Gumu zaidi ni pale anapoikubali kwa maana nyingine. `log` ya kamusi ya `transc1` inachukua vitu viwili, kizio kikitangulia. Aliyetaka logi asilia atumie `ln`. Seti `N` ya `setname1` inajumuisha sifuri, na mwanafunzi aliyefundishwa kwamba namba za kuhesabia zinaanza na moja atashangaa. Arccot ndiyo yenye historia ndefu ya ugomvi: Maple husema arccot(-1) ni 3π/4, Mathematica husema ni -π/4, na zote zina hoja. Mtafsiri anayebadilisha jina la kazi bila kurekebisha matawi yake ameleta jibu lisilo sahihi kwa nusu ya mstari wa namba. Jaribu kila kazi ya namna hii kwa thamani hasi.

MathML, lugha ya kuandika fomula kwenye wavuti, ina mkanganyiko wa aina nyingine. Ilitolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 1998 ikiwa na sura mbili: ya kuonyesha na ya maana. Fomula inayopendeza kwenye kivinjari lakini inashindwa kukokotolewa karibu kila mara ni ya kuonyesha. `msup` inasema tu kwamba kitu kiko juu kulia. Herufi T juu ya A inaweza kuwa kipeo au alama ya kupindua matriksi (safu mlalo kuwa safu wima), na -1 juu ya sin inaweza kuwa kinyume cha kazi au moja iliyogawanywa kwa sin. Omba sura ya maana kutoka kwa mtumaji. Kuikisia kutoka kwenye sura ya kuonyesha ni kazi ya mwisho kabisa, nyote mkishindwa.

Seva ya SCSCP haijibu

SCSCP ni itifaki ya kuziwezesha programu kama GAP kuitana moja kwa moja, ujumbe ukiwa ni OpenMath juu ya TCP. Poti yake iliyosajiliwa ni 26133. Ukiambiwa muunganisho umekataliwa, seva haijawashwa, au imewashwa ikisikiliza `localhost` tu wakati wewe uko kompyuta nyingine, au faiawoli ya ofisi imefunga poti hiyo. Jaribu kwanza ukiwa kwenye kompyuta ya seva yenyewe. Ikijibu hapo, tatizo ni mtandao. Pita kwenye handaki la SSH, yaani muunganisho salama uliosimbwa, badala ya kuomba poti ifunguliwe kwa dunia nzima.

Ikiunganika halafu ikanyamaza, angalia mambo mawili. Je, mmekubaliana toleo? Seva hujitambulisha kwa kutaja matoleo inayoyajua, na mteja lazima ajibu kwa kuchagua moja. Na je, ujumbe wako umefungwa kwa `<?scscp end ?>`? Bila hiyo, seva inaendelea kusubiri kwa uvumilivu kitu ambacho hakiji.

Ukiwa umeomba urejeshewe rejea badala ya jibu lenyewe, na kesho yake rejea haifanyi kazi, huenda kitu kilihifadhiwa kwa `store_session`, ambacho hufutika kikao kinapokatika. Umeme ukikatika au bando likiisha, kikao kimekwenda. Tumia `store_persistent` kwa kazi ya siku nyingi.

Kila kitu ni sahihi, ila ni kizito mno

Matriksi ya 1,000 kwa 1,000 kwa baiti ghafi ni baiti milioni 8. Kwa OpenMath ya XML, `<OMF dec="0.30000000000000004"/>` peke yake ni baiti 32, kwa hiyo data ileile inapita milioni 32 kabla ya kuhesabu vipengele vya safu. XML hubanwa vizuri kwa gzip, na OpenMath ina pia usimbaji wa baiti uliokusudiwa kwa hali hii, kama programu zote mbili zinaujua. Nisingetumia XML kwa jedwali kubwa la desimali. Ningetuma jedwali kwa muundo wa baiti unaotaja aina na mpangilio wake, HDF5 kwa mfano, na OpenMath ningeiachia fomula, sehemu kamili na namba ndefu, ambako hakuna muundo mwepesi unaobeba maana yote.